Kipimajoto Kilichopewa Mapumziko

Saa moja na nusu asubuhi Mama Mikunjo alifungua chumba cha kupigia pasi na kumwaga ndoo. Ndoo hiyo ilikaa chini ya bomba la kiyoyozi cha ofisi ya juu, na kila asubuhi aliikuta imejaa hadi mdomoni. Yalikuwa maji yaliyonyonywa kwenye hewa ya meneja ili meneja akae vizuri. Bomba lilipaswa kutokea nje, lakini nje palikuwa na mlango wa wateja, na mteja hapendi kudondokewa. Basi likaelekezwa kwa wapiga pasi, ambao hawakuwa wateja wa mtu.

Wapiga pasi walikuwa sita, wote wanawake, na kazi yao ilikuwa kunyoosha mashuka ya hoteli. Shuka liliingia bichi, likatoka kavu, na maji yake yakabaki chumbani pamoja nao. Madirisha yalipigwa misumari ili vumbi lisiingie. Msimu wa joto ulipofika, chumvi ya chakula chao ikawa uji ndani ya kikopo, kiberiti kikakataa kuwaka, na jasho likakosa pa kwenda. Liliwatoka, likawakalia mwilini kama mgeni asiyejua kuaga. Feni ilikuwepo. Iliuchukua mvuke wa meza ya kwanza na kuupelekea meza ya sita.

Karatasi ya sheria ilibandikwa ukutani: joto likifika nyuzi thelathini na tano, wafanyakazi wa chumba chenye kipimajoto watapumzika hadi jua lipungue. Pembeni yake, kwenye msumari, kilining'inia kipimajoto. Kila siku saa nane mchana msimamizi alikuja kukisoma. Walimwita Kalamu, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona ameshika kitu kingine. Kipimajoto kilisema thelathini na moja. Kalamu aliandika thelathini na moja, akajifuta shingo, akaondoka mbio.

Mama Mikunjo alishamweleza kwa upole kwamba kinachowachosha ni mvuke, na akamweleza tena bila upole. Alimwonyesha fundi wa mabati juu ya paa la jirani, juani kabisa, anapiga nyundo huku anaimba, kwa kuwa upepo unamkausha. Humu kivulini, alisema, watu hawana hata pumzi ya kumsengenya msimamizi wao. Kalamu alijibu kwamba sheria imetaja joto, haikutaja maji.

Mama Mikunjo hakuwa akijililia mwenyewe. Yeye, miaka ishirini na sita ya mvuke ilishamnyoosha. Aliyemnyima usingizi ni mkamwana wake, meza ya pili, mwenye mimba ya miezi saba. Vidole vya binti vilikuwa vimevimba hata pete haivuki, na kila ikikaribia saa nane aliuona ukuta ukisogea. Mama mkwe alimtakia kitu kimoja tu: saa moja ya kupumzika mchana, nje, chini ya upenu.

"Labda kesho kitafika, mama," mkamwana alisema, akikiangalia kipimajoto.

"Kikifika tu, nakinunulia soda."

Siku ya kumi na moja ya joto hilo kipimajoto kilianguka. Hakikupasuka. Kalamu alikikuta sakafuni kimelegea, kioo kinatiririka jasho, uzi wake mwekundu umejikunja chini kabisa. Kiliomba maji. Kalamu hakuwa mtu mbaya kwa vifaa. Alikishika paji la uso, akakipepea kwa daftari, akapiga simu. Daktari, ambaye wapiga pasi walikuwa wakimwomba tangu msimu uliopita, alifika baada ya dakika ishirini.

Alikipima kwa utulivu, akaandika cheti, akakisoma kwa sauti. Tatizo si joto peke yake. Hewa ikishiba maji, jasho halikauki, na jasho lisipokauka mwili haupoi, hata kivulini. Mgonjwa apumzike mchana, anywe maji mara kwa mara, akae penye hewa kavu.

"Hayo nimeyasema mwaka mzima," Mama Mikunjo alisema.

"Ulikuwa na cheti?" Kalamu aliuliza.

Hakuwa nacho. Akamsogeza mkamwana mbele, tumbo likitangulia, amwonyeshe daktari vidole. Daktari alitazama saa yake, akasema ameitiwa mgonjwa mmoja.

Kipimajoto kilipandishwa ofisini kwa meneja, kikalazwa juu ya mto karibu na kiyoyozi. Kufikia kesho yake kilikuwa na nafuu, kinasoma ishirini na mbili. Saa nane Kalamu alipigiwa simu kutoka juu, akaandika ishirini na mbili kwenye daftari la chumba cha pasi. Keshokutwa yake likashushwa boksi la masweta, maana daftari lilionyesha kuna baridi.

Mama Mikunjo alipanda kwenda kumjulia hali mgonjwa. Meneja alikuwa ametoka kwenda kunywa chai.

"Shikamoo, mama," kipimajoto kilisema.

"Marahaba. Naona umenawiri."

"Nashukuru. Huku ni kwingine."

"Siku zote zile ulikuwa unatuona. Mbona ulikaa kimya?"

"Niliulizwa joto tu, mama. Nikajibu nilichoulizwa."

Kilisema hivyo kwa haya, bila kiburi. Akakisimulia habari za mkamwana, vidole, ukuta unaosogea, mjukuu wa kwanza. Kikasema kitajitahidi.

Ijumaa, saa nane kasoro dakika tano, mkamwana aliisimamisha pasi yake wima ili isiunguze shuka, kisha akaanguka. Wenzake walimbeba hadi chini ya upenu, wakamlegeza nguo, wakamlowesha maji, na upepo ukafanya kazi ambayo feni haikuiweza. Mama Mikunjo aliweka kiganja tumboni mwa mkamwana, akangoja. Alingoja muda mrefu kuliko wote aliowahi kungoja. Mwishowe mjukuu akapiga teke, moja, jepesi.

Kalamu aliandika: "Ameanguka. Joto ishirini na mbili. Sababu haijulikani." Akapiga simu juu, akayasoma hayo neno kwa neno.

Kipimajoto kiliyasikia. Pale pale juu ya mto wake, katika ubaridi ule, uzi mwekundu ukaanza kupanda kwa hasira. Ulipita ishirini na tano, ukapita thelathini, ukaipita hata thelathini na moja bila kuisalimia, ukasimama kwenye thelathini na tano. Meneja aliutazama, akaikumbuka sheria. Chumba chenye kipimajoto kilikuwa chake. Akafunga kompyuta, akachukua koti, na ofisi yote ya juu ikaenda kupumzika hadi jua lipungue.

Mkamwana alirudi mezani Jumatatu. Tangu hapo kila siku saa nane kipimajoto hukasirika, na ofisi hufungwa. Wapiga pasi huendelea kunyoosha, kwa kuwa chumba chao hakina kipimajoto na sheria haiwahusu. Kiyoyozi cha juu hakizimwi, mgonjwa asije akazidiwa. Ndoo siku hizi hujaa mara mbili, na Mama Mikunjo huimwaga mara mbili.