Mke wa Serikali

Mshonaji aliukumbatia mto wake kama mtoto aliyepitiwa na usingizi, akautoa katika chumba alicholala na mumewe tangu nywele zao zikiwa nyeusi tii. Hakulia. Padri alikuwa sebuleni akimsubiri.

Mumewe, seremala, alikuwa hoi kitandani, mapafu yamemchoka. Ujanani alifunga ndoa kanisani na mwanamke mwingine, na mwanamke huyo akamwacha, akaenda zake. Mahakama iliivunja ndoa hiyo, kanisa halikuivunja. Basi yeye na mshonaji wakaoana mbele ya ofisa wa serikali, chini ya feni mbovu, na tangu hapo kila Jumapili walibaki wameketi wenzao wakienda kupokea komunyo.

"Wewe ni mke wangu wa serikali," seremala alikuwa akimtania. "Nikikukosea, nitashtakiwa na nchi nzima."

Sasa utani ulikuwa umemwisha. Alitaka kupokea komunyo kabla ya kukata roho.

"Sheria sikuitunga mimi, mama," padri alisema, macho ameyainamisha. "Mkiahidi kuishi kama kaka na dada, nitampa."

"Baba, mtu huyu hata kujigeuza hawezi bila mimi. Mto wangu nimekwisha kuutoa chumbani. Tumebakiwa na nini cha kuacha?"

Padri alijibu: "Kuitana mume na mke."

Miaka yote mshonaji alijigamba kwamba baraka za watu hazimpunguzii wala kumwongezea kitu. Alidhani amekwisha kuwa sugu. Kumbe lilikuwapo neno moja dogo ambalo hakuwa tayari kunyang'anywa. Alitaka kukataa. Lakini kupitia mlango uliokuwa wazi aliyaona macho ya mgonjwa, yakimtazama kwa kiu, na ubishi wote ukamlegea mwilini.

Aliingia, akasimama kando ya kitanda.

"Kuanzia leo," alisema, "huyu ni kaka yangu."

Seremala akapokea, na uso wake ukakunjuka kama wa mtu aliyetuliwa mzigo mlangoni kwao. Padri alipoondoka, mshonaji alileta maji ya uvuguvugu na kitambaa. Akamfuta midomo, shingo, kisha viganja vilivyojaa makovu ya msumeno.

"Umeudhika?" seremala aliuliza.

"Pumzika."

"Niite basi, nisikie."

Mshonaji alifungua kinywa. Jina la zamani lilifika ulimini, likasita. Jipya halikuja kabisa. Akakishika kiganja chake, akaendelea kukifuta, ingawa kilikuwa kimekwisha kutakata.