Kamati ya Harusi ya Daraja

Usiku wa jana niliota kwamba Bunge limegeuzwa kuwa kamati ya harusi, na kwamba mimi, mwanafunzi wa uchumi wa mwaka wa pili, nimeteuliwa kuwa mweka hazina kwa sababu mimi pekee ndiye niliyekuja na kalamu.

Bwana harusi alikuwa Barabara. Alifika amejikunja kama mkeka, akajitandaza mpaka ukingoni mwa mto, akasubiri. Bibi harusi alikuwa Daraja. Alikuwa na nguzo zake zote na shela jeupe, ila alikosa kipande cha mwisho, kile cha kumfikisha ng'ambo. Mawingu ya masika yalikuwa yamekwisha kuwasili na kukalia viti vya mbele.

"Yakiinuka hayo kabla sijakamilika, mto utanichukua," Daraja aliniambia kwa sauti ya chini. "Dada, naomba leo wasiahirishe."

"Kwani wameahirisha mara ngapi?"

"Kila baada ya uchaguzi."

Ng'ambo alisimama mama yangu katika kitenge kipya. Mchango wake ulikuwa umekatwa kwenye kila kipande cha sabuni alichonunua.

"Eliwaza!" aliita. "Nimechangia harusi, mbona naitazama kwa mbali kama jirani asiyealikwa?"

"Vumilia kidogo, mama. Kikao kinaendelea."

Mheshimiwa Kitwana wa Chama cha Mwavuli anasimama. "Chama changu kimesikia kilio cha wananchi. Tunapunguza mchango!"

Wenzake wanagonga meza. Papo hapo jiwe linabanduka ubavuni mwa Daraja na kutumbukia majini.

"Samahani, mheshimiwa," nasema. "Kila unachopunguza kinatoka kwa bibi harusi."

"Hilo ni suala la kitaalamu, binti yangu," ananijibu kwa upole. "Mimi nimekuja kuhutubia."

Anasimama Mheshimiwa Ngwila wa Chama cha Kinu. "Sisi tunaongeza! Mara dufu, tena kwa wote!"

Jiwe linarudi mahali pake likiwa limelowa. Lakini sasa wageni wanabeba viti vyao na kuingia vichakani. Wauza maandazi wanajibanza nyuma ya kichuguu na kuendelea na biashara kwa minong'ono.

"Maandazi," ananong'ona mmoja. "Ya moto."

"Mheshimiwa, ukizidisha, wachangiaji wanajificha," namwambia Ngwila.

"Basi tuwatoze walio vichakani ada ya kivuli."

"Wewe juzi si ulitaka kupunguza?" Kitwana anamrukia.

"Juzi nilikuwa upinzani."

"Na mimi nilikuwa serikalini, ndiyo maana nilitaka kuongeza."

Wanakubaliana kwamba hayo ni kweli, wanapeana mikono, kisha wanaendelea kugombana.

Mara ukumbi ni chumba cha mtihani. Swali ni moja: Kamilisha daraja bila kumbandua bibi harusi wala kuwafukuza wageni. Msimamizi ni sufuria kubwa ya pilau, imevaa miwani.

"Shikamoo," nasema. "Umetoka fungu gani?"

"Marahaba. Fungu la kuvunja kamati," inajibu Sufuria. "Ile sherehe wanayojipongeza nayo wanakamati harusi ikishapita."

"Lakini harusi bado haijafungwa."

"Mimi nilipitishwa kikao cha kwanza. Vyama vyote viliinua mikono. Wengine waliinua yote miwili."

Ninafunua mfuniko na kujaribu kukoroga. Mwiko hausogei.

"Hapo awali nilikuwa zege," inakiri Sufuria. "Wakanibadilishia matumizi, wakanitia iliki."

"Unaweza kurudi ulivyokuwa?"

"Walionipitisha wakikubali kulala njaa."

Ninaibeba kichwani na kujikuta tena ukingoni. Mawingu yameanza kufunga vifungo vya makoti yao.

"Waheshimiwa," nasema, "naomba pilau yenu."

Kitwana anameza mate. "Yote?"

"Yote."

"Na ukoko?" anauliza Ngwila.

"Hata ukoko."

Kitwana ananivuta pembeni. "Binti, mimi sina ubaya. Ila nikikubali, huyu atasema wazo ni lake."

"Naye akikubali?"

"Nitasema lilikuwa langu."

"Basi semeni wote kwa pamoja."

Wakasema wote kwa pamoja, kila mmoja akiwaelekea watu wake, na meza zikagongwa pande zote mbili. Wageni wakatoka vichakani kushika masikio ya sufuria. Tukamimina. Daraja akavuta pumzi, akafika ng'ambo.

Mama akawa wa kwanza kuvuka. Alikanyaga kwa kisigino, kama anavyojaribu kila kitu cha serikali, kisha akanusa.

"Mbona linanukia iliki?"

"Ni sera mpya, mama."

Alicheka, akapiga vigelegele. Barabara akapanda taratibu juu ya bibi harusi wake, akaendelea mpaka kwetu. Ndipo mawingu yakainuka na kunyesha yalivyotaka, na mto ukapita chini ukiwa na adabu zake.

Nikaamka bwenini, nimeridhika kama mtu aliyelipwa haki yake. Kulikuwa kumekucha. Nilipoinama kuvaa ndala nilikuta kipande kidogo cha zege kimekauka kwenye soli, ilhali bwenini kwetu hakuna anayejenga. Nilikikwangua kwa ukucha, kikapasuka. Ndani yake mlikuwa na iliki nzima, bado inanukia.