Honi Juu ya Tembe

Honi ile ilinichanganya akili, sidanganyi.

Mume wangu Zefania aliitengeneza mwaka tuliohamishiwa kijiji cha Ujamaa, kwa vipande vya redio mbovu, betri kuukuu ya trekta na honi yake. Juu ya paa bapa la udongo la tembe letu tulikuwa tumeanika uwele wa mbegu, debe moja tu, mwaka wetu mzima huo. Wadudu walishaanza kuuingia, ilibidi upate jua. Na sote tulitakiwa shamba la kijiji, nyuma ya kilima. Nani angelinda mvua? Nikauzungushia miiba kuzuia mifugo. Zefania naye akavuta nyaya mbili nje ya miiba, katikati akafunga kitambaa chenye chumvi yangu.

"Tone la mvua likigusa hapa, honi inalia. Tutaisikia kulekule shambani."

"Na chumvi ya nini, Baba Urbano?"

"Hayo huyawezi, Mama Urbano."

Haya bwana.

Siku ya kwanza, jua kali, honi ikalia. Tukatupa majembe, mbio! Mbingu nyeupe, hata wingu la dawa hakuna. Siku ya pili vilevile. Mwenyekiti Mughwai akacheka mpaka akakaa chini: "Zefania, honi yako inaogopa jua?" Mume wangu hakula mchana ule. Mimi kichwa kiliniuma. Kitambaa tulikikuta kimelowa, mvua hakuna. Kimelowa na nini?

Siku ya tatu nikajificha nyumbani. Mbuzi wetu mwekundu akapanda paa upande wa mlimani, ambako tembe linakaribia ardhi, akaanza kukilamba kitambaa. Honi ikamlilia puani, wala hakushtuka. Mshenzi yule! Nikamfukuza kwa fimbo. Kisha nikaitoa chumvi, iliyolambwa nikaitupa, kavu nikaiweka jikoni, kitambaa nikakirudisha kitupu. Nyaya sikuzigusa, maana mashine ni nyaya. Duka la ushirika lilikuwa halina chumvi wiki ya tatu sasa. Jioni mlenda ukanoga, Zefania akaomba niongeze. Sikumwambia kitu. Nilitaka aone tu honi yake imepona.

Kesho yake tukiwa shambani, wingu jeusi likatanda upande wa nyumbani. Zefania akaweka jembe chini.

"Unakwenda wapi?" nikamwambia. "Ingekuwa mvua, si ingelia? Lima."

Akalima.

Jioni tulikuta paa tupu. Uwele ulikuwa umesombwa hadi korongoni, umechanganyika na tope. Kitambaa kilikuwa kinachuruzika maji, na honi kimya. Juani inalia, mvuani inanyamaza! Nikamgeukia Zefania nimtukane.

Hakunitazama. Alikikamua kitambaa, akakigusa kwa ulimi.

"Mama Urbano, chumvi iko wapi? Maji matupu hayatoshi kupitisha umeme. Chumvi ndiyo iliyokuwa inaita honi."



"Uliila jana," nikasema. "Ukaniomba niongeze."