Habari za Pamba

Uji wa muhogo ukishakauka kwenye ukuta wa udongo haubanduki kwa kubembelezwa. Bartholomew Ikwap alichovya kitambaa ndooni, akaulowesha ukuta, akangoja, kisha akaanza kukwangua kwa kipande cha jembe bovu. Gazeti lilitoka kwa vipande vidogo vidogo, likamwangukia miguuni pamoja na udongo na mayai ya mende. Ilikuwa makala yake mwenyewe, juu ya machifu wanaowalimisha watu mashamba yao bure. Aliiandika akiwa na homa, na alikuwa akiipenda sana.

Mwenye nyumba alisimama mlangoni, amempa mgongo. Hakumkaribisha kiti wala maji. Kijiji kizima cha Bulumbi hakuna aliyempa Ikwap maji tangu aanze kazi ile, na hata ya ndoo aliyateka mwenyewe mtoni.

Miaka kumi na miwili alikuwa mhariri wa Ngoma ya Mpakani, gazeti la Kiswahili lililopigwa chapa Tororo kwenye mashine ya Mhindi mmoja mwenye maduka. Mhariri, mwandishi, mfungaji wa mizigo, vyote yeye. Siku ya gazeti, pale kwenye kiwanda cha pamba mtu mmoja alisoma na thelathini wakasikiliza, na Ikwap alikuwa na tabia ya kupita karibu polepole, akijifanya ana safari zake, ili asikie watakapocheka. Watu wakishasoma walibandika kurasa ukutani kwa uji wa muhogo, zikazuia vumbi na upepo, na nyumba ikapendeza. Wasamia walifanya hivyo, Wateso walifanya hivyo, hata ng'ambo ya mpaka, upande wa Kenya. Mwanasiasa yeyote wa wilaya aliyetaka jina alimletea hotuba zake, akamwita ndugu. Siku hizi wale ndugu walikuwa wajumbe wa baraza, na wakimwona njiani walikumbuka ghafla kitu walichosahau nyuma.

Gazeti lilifungwa kwa sababu ya majina. Machimbo ya mawe yaliporomoka na kufukia vibarua, na wenye machimbo wakasema vibarua hao hawakuwahi kuajiriwa. Ikwap akachapa majina yao, na kijiji cha kila mmoja. Huko Kenya watu walikuwa wanapigana misituni, na serikali haikutaka kabisa gazeti linalovuka mpaka likiwa na majina ya wafu. Alifungwa mwaka mzima. Kuwa na gazeti lenyewe, hata lililoanza kuwa jeusi kwa moshi, kukawa kosa. Chifu wa gombolola, mkuu wa tarafa ile, aliwatangazia watu wake, wengi wao wasiojua kusoma, kwamba gazeti lililopigwa marufuku ni lile lenye picha ya ngoma juu ya ukurasa. Watu wakatii. Walichukua visu, wakakata ngoma, wakaichoma, na ukurasa uliobaki wakauacha ukutani kwa roho safi.

Ndipo akahitajika mtu wa kulitambua gazeti lisilo na ngoma, maana gazeti la bure la serikali lilipigwa chapa kwa mashine ileile na herufi zilezile. DC, mkuu wa wilaya, alimwita Ikwap. Alikuwa kijana mpole, akamkaribisha kiti. Alisema Ikwap akisaidia kusafisha Bulumbi na Sikuda atapewa pasi ya kuvuka kwenda Kenya, kwa mkewe Agwang, aliyekimbilia huko kwa kaka yake wakati mumewe alipofungwa. Akishavuka, asirudi. Ikwap aliuliza kama huko ataruhusiwa kuandika. DC akatabasamu, akasema hakuna mtu aliyewahi kumkataza kuandika. Alikatazwa kuchapa tu. Ikwap aliitafakari sentensi hiyo siku nyingi. Alikiri kwamba yeye mwenyewe, katika tahariri zake zote juu ya uhuru wa magazeti, hakuwahi kulieleza jambo kwa ufupi kiasi kile.

Alikubali kwa sababu ya Agwang. Alikuwa amechoka kula peke yake katika chumba cha kupanga pale Busia, akisikia majirani wakipunguza sauti kila alipokohoa. Alimtaka mkewe, basi. Hakuona haja ya kulipamba jambo hilo, hata kwa nafsi yake.

Mwanzoni palikuwa na muda wa msamaha, gazeti linabanduliwa na mwenye nyumba haguswi; ulipokwisha, kubandua hakukutosha tena. Aliyekutwa nalo alikwenda gerezani Tororo. Wa kwanza alikuwa Matayo, katekista, ambaye kila Jumapili baada ya ibada aliwasomea watu wasiojua kusoma. Ikwap aliuonyesha ukuta wake kwa kidole, na Okware, askari wa chifu, akamfunga Matayo pingu. Tangu siku hiyo Ikwap alisema nyumba tatu mfululizo ni safi, na chifu akaanza kujiuliza.

Nyumba ya mama mmoja aitwaye Nasirumbi ilikuwa ya chumba kimoja. Mwenyewe alikuwa uani akianika muhogo, akawaambia waingie tu. Ukuta ulikuwa mtupu isipokuwa juu ya kitanda, ambapo palibandikwa ukurasa mmoja, umekatwa upande wa juu kwa kisu. Ikwap aliutambua kabla hajaukaribia, ndio ule ukurasa wa majina. Jina la tatu kutoka juu lilikuwa Maloba, wa Bulumbi, mwana wa Nasirumbi. Mwili wake haukutolewa chini ya mawe.

"Hii nayo?" Okware aliuliza.

"Hii ni gazeti ya serikali. Ile ya bure."

"Inasema nini?"

"Pamba."

Okware alikuwa na jasho, na hakuwa mtu mbaya, lakini alikuwa ameagizwa. "Soma. Chifu alisema sasa wewe nasoma, mimi nasikia."

Ikwap aliweka kidole kwenye mstari wa kwanza. "Mkulima, panda pamba mapema, mara mvua zianzapo," alisoma. Kidole kikapita chini ya jina la kwanza, kikashuka. "Ng'oa mabua ya mwaka jana uyachome, wadudu wasipate pa kulala." Sauti yake ilikuwa tulivu mno, akajiogopa. "Usichanganye pamba safi na pamba chafu."

Nasirumbi alikuwa ameingia, mikono ina unga mpaka kwenye viwiko. Alisimama akisikiliza, kama asubirivyo mtu kanisani mahali pake pa kuitikia. Mstari wa tatu ulipopita akasema, "Umeruka jina."

Okware aligeuka. "Jina gani?"

"Ya mtoto yangu. Maloba. Iko hapo."

Mkono wa askari ulikwenda kiunoni, kwenye pingu.

"Hakuna jina hapa, mama," Ikwap alisema. "Hii ni habari ya pamba."

"Matayo alinisomea."

Jina la Matayo halikufaa kutajwa mbele ya Okware. Askari alimsogelea yule mama, akamuuliza kwa upole alisomewa nini hasa, na Ikwap akaona kwamba mama atajibu, atalitaja gazeti, machimbo na vyote, kwa sababu hakujua kuna ubaya. Ngoma aliikata yeye mwenyewe, akaichoma. Alikuwa ametii.

"Alikudanganya," Ikwap alisema haraka. "Alikuonea huruma, mama, akakudanganya. Mimi ndiye mwenye gazeti. Kama jina ingekuwa hapa, ningejua."

"Kila Jumapili alinidanganya?"

"Kila Jumapili."

Mkono wa Okware uliacha pingu. Alicheka kidogo, akasema makatekista ndivyo walivyo, wanataka waonekane wana maneno. Akamwambia mama asiwe na hofu, gazeti la serikali halina kosa, likae hapo hapo.

Nasirumbi alichota maji kwa kibuyu, akayamwaga ukutani, akaanza kukwangua kwa kucha. Ikwap alimwomba aache. Alimwambia halina kosa, ameambiwa halina kosa.

"Pamba ni ya nini kwangu?" mama alisema. "Mimi sina shamba ya pamba."

Uji ulikuwa wa zamani na umeshika. Alinyoosha mkono nyuma bila kumtazama, na Ikwap, asijue la kufanya, akampa kipande cha jembe. Jina la kwanza lilitoka pamoja na la pili. Lile la tatu lilitoka nusu, nusu ikabaki na udongo. Ikwap alitamani kumshika mkono, amnong'oneze ukweli. Lakini Okware alikuwa hapo, amesimama kati ya kitanda na mlango, na Kiswahili, Kisamia, Kiteso, vyote alivisikia. Kesho angepewa pasi, na baada ya pasi hakuna kurudi.

Walitoka nje. Okware alichovya kidole kwenye kopo la chokaa, akachora kwenye mwimo wa mlango alama ya nyumba iliyokaguliwa ikaonekana safi. Alikuwa bado anaimalizia pale Nasirumbi alipotokea mlangoni.

"Bwana Gazeti," alisema. Hakupaza sauti. "Mimi nilitembea mpaka Tororo na miguu hii, nikakuja ofisi yako. Nilikuambia jina yake mara mbili, ili usikosee. Wewe uliandika, nikaona. Kumbe haukutia kwa gazeti?"

Okware aliacha kuchora, akamtazama Ikwap. Alitazama tu kwa udadisi, kama mtu yeyote anayetaka kusikia mwisho wa maneno.

Ikwap aliona aibu ambayo gerezani hawakuweza kumtia kwa mwaka mzima.

"Nilisahau, mama," alisema.

Nasirumbi alitikisa kichwa polepole. Alisema basi, watu wanasahau. Akainama, akaingia ndani. Chokaa ilikuwa bado mbichi mlangoni wakati sauti ya kukwangua ilipoanza tena.