Boya la Januarius

Nyumba ya Januarius ilikuwa ya kwanza katika mtaa wao pale Bariadi kuwa na choo cha kuvuta, na mwenyewe hakuwa mtu wa kuliacha jambo kama hilo lijulikane lenyewe. Mgeni akifika, hata kama amekuja kuulizia njia tu, alizungushwa nyuma akaone tangi la saruji lililozama nusu ardhini, kisha akaingizwa ndani avute mnyororo kwa mkono wake mwenyewe na kusikia. Kwa miaka kumi na mbili Januarius alikuwa karani wa ushirika, mtu wa kola iliyogeuzwa ndani nje kuficha uchakavu. Pamba ilipoachiwa wanunuzi binafsi, akawa wakala wa tajiri mmoja wa Mwanza, akanunua pamba ya Ipililo, akanunua hadi ya Bukundi, na baada ya misimu miwili akahama nyumba ya kupanga. Hakuna aliyemwonea kijicho, au kama yupo alimwonea kimyakimya.

Aliyemvutia maji ni Mahona, mtu wa koki. Kazi ya Mahona kwa mwajiri wake, idara ya maji, ilikuwa kutembea na ufunguo mrefu wa chuma, akifungua maji mtaa huu leo na mtaa ule kesho. Mtaa wa akina Januarius ulipata Jumanne na Ijumaa, asubuhi hadi saa sita. Baada ya kazi Mahona aliwafungia watu mabomba, na alikuwa fundi mwenye maneno machache. Siku anamaliza alimwonyesha Januarius boya linaloelea ndani ya tangi: maji yakijaa linapanda na kufunga, yakipungua linashuka na kufungua. Boya ni kitu cha kuharibika, akasema. Kwa hiyo bomba la kumwagia maji yanayozidi liache litokeze pale uani unapopita kila siku. Siku boya likifa, bomba litakusemea.

Januarius alikubali kwa kichwa. Mahona alipoondoka tu, mwenye nyumba akaona tope akilini mwake. Ua wake aliufagilia wageni, asingeweza kukaa na bomba la kutema maji mbele za watu. Akalirefusha bomba lile chini ya udongo hadi kwenye shimo la zamani la mchanga, shimo akalijaza mawe, akafukia, akapanda maua juu. Wahenga walituonya kuhusu ufa na ukuta, lakini ufa uliofukiwa na kupandwa maua nani atauona?

Mwaka uliofuata maji yakaanza kuwa haba kwenye bomba la mtaa, kule chini mwisho wa mstari. Zamani kila mama alijaza ndoo zake na kuzidisha. Sasa zilijaa ndoo kumi, kumi na tano, halafu bomba likaanza kukohoa hewa. Wanawake walisukumana, wakavunjiana ndoo. Watu wakatafuta mwizi, na mwizi wa maji ni nani kama si mwenye ufunguo? Ikasemwa kwamba Mahona anafunga koki yao mapema ili awauzie maji wafyatua tofali.

Dagashida ikaitishwa, kikao cha mtaa mzima chini ya sungusungu, na Bujiku, mkuu wao, akataka watu waseme. Walisitasita. Aliyesimama wa kwanza ni Januarius. Alisema vizuri, kama mtu aliyezoea kusoma taarifa mbele ya wajumbe. Alisema maji hayapotei hewani, kwamba yakitoka juu na yasifike chini, basi kuna mkono wa mtu katikati. Maneno hayo yaliwakaa watu. Mahona alikana, akakana tena, na kila alivyokana akaonekana jeuri. Wakamtenga. Mtu aliyetengwa hapewi moto, hasalimiwi, hachoti maji penye watu, na akifiwa hapati wa kumsaidia kuzika. Kurudi kwake kuna njia moja: akiri kosa, alete dume la ng'ombe liliwe na mtaa.

Mwajiri wake hakuyajua mambo hayo, kwa hiyo Mahona aliendelea kufungua koki. Jumanne na Ijumaa aliwafungulia watu maji ambayo nyumbani kwake hayakuruhusiwa kufika. Mkewe, Minza, alikwenda mtoni kufukua mchanga na kusubiri maji yajikusanye kwa kata moja moja. Ndani alikuwamo pia mama yake Mahona, ajuza aliyekuwa hainuki tena kitandani.

Wiki ya tatu, Ijumaa moja, homa ilimbakiza Januarius nyumbani. Elina, mkewe, alikuwa shuleni akifundisha, na Lucy, mtoto wao, yuko huko huko. Alilala akisikiliza maji yakiingia tangini. Saa tatu yakaingia. Saa tano yakawa bado yanaingia. Ilipokaribia saa sita akajiuliza tangi gani hilo lisilojaa, akajifunga shuka, akaenda kufunua kifuniko.

Tangi lilikuwa limejaa hadi kwenye mdomo wa bomba la kumwagia. Boya lilikuwa limezama, limepasuka ubavuni na kushiba maji, na bomba la kuingizia lilikuwa wazi, likimimina kwa nguvu. Yote yaliyoingia yalipita upande wa pili na kushuka shimoni, chini ya maua. Nyumba yake ilikuwa ya kwanza kutoka kwenye koki. Mkono wa mtu katikati aliouzungumzia ulikuwa wake.

Angeweza kwenda kwa Bujiku siku ile ile. Tusimwonee, alifika hadi mlangoni. Kisha akawaza jinsi atakavyosimama mbele ya watu wale wale, yeye wa choo cha kuvuta, akawaza na kutengwa, akajiambia kwamba la muhimu ni maji yarudi. Akanunua boya jipya dukani, akalifunga mwenyewe, akaliweka la zamani nyuma ya pipa.

Jumanne maji yakafika chini kwa kishindo. Wanawake walipiga vigelegele. Jioni Bujiku alikuja mwenyewe kumshukuru.

"Ulisema kweli, Baba Lucy," akamwambia. "Tumemtenga wiki tatu tu, na wizi umekoma. Nani sasa atasema tulimwonea?"

Januarius hakuwa amelifikiria hilo. Kwa kuziba kwa siri alikuwa amemshuhudia Mahona uongo mara ya pili, na safari hii ushahidi ulimiminika ndoo kwa ndoo. Tangu siku hiyo hakulala vizuri. Kelele za furaha bombani zilimfanya afunge dirisha. Siku moja alikutana na Minza njiani, amejitwika maji ya mtoni yenye rangi ya chai, na kwa kuwa kumsalimia ni kosa, akainamisha macho. Alijichukia, lakini aliinamisha.

Elina ndiye aliyeliona boya nyuma ya pipa. Hakupiga kelele, si kawaida yake. Aliuliza limepasuka lini, akahesabu kimoyomoyo, akakaa chini.

"Mficha uchi hazai," akamwambia. "Nenda kwa yule mtu kabla hajamaliza kuharibika."

Bado Januarius alichelewa siku nne. Na katika siku hizo ikaja habari kwamba Mahona amekubali: amekiri aliuza maji, na Jumamosi ataleta dume. Ijumaa alasiri Januarius akapita katikati ya mashamba ya pamba, njia ambayo watu hawaioni, akatokea nyuma ya nyumba ya Mahona. Alimkuta ananoa kisu.

"Mwangaluka, baba," Januarius alisema, ingawa asubuhi ilishapita zamani.

Ndipo Januarius akasema yote akiwa amesimama, boya, shimo, maua, hata jinsi alivyomwinamishia Minza macho. Akasema kesho atasimama katikati ya dagashida ayarudie. Akasema dume lisichinjwe, na kama ni lazima lichinjwe atatoa la kwake.

Mahona aliendelea kunoa hadi mwenzake alipokwisha maneno.

"Nilijua," akasema. "Ulipoziba, ufunguo uliniambia mkononi. Maji yakikimbilia palipo wazi, koki inatetemeka. Jumanne ile ilitulia."

"Mbona hukusema?"

"Kwa nani? Mtu aliyetengwa husema na ukuta. Nilikungoja wewe."

Ndani mama yake alikohoa, kikohozi kirefu kisicho na nguvu, na wote wawili wakangoja kiishe. Mahona akaweka kisu chini.

"Kesho usiseme kitu, Baba Lucy."

Januarius alidhani hakusikia vizuri. Mahona akamweleza taratibu, kama siku ile ya boya. Januarius akisema kesho, dume halitaliwa. Kitaitishwa kikao kingine, watu watabishana wiki, pengine mbili, na mpaka kiamue yeye Mahona atakuwa bado ametengwa. Mama hana wiki mbili. Yeye peke yake na Minza hawawezi kuchimba kaburi katika ardhi hii ya kiangazi, wala mama hakuzaa na kulea hapa ili azikwe na watu wawili.

"Basi nitasema baadaye, akishazikwa," Januarius akaomba.

"Baadaye nitakuwa nimekiri uongo mbele ya dagashida, na huo hausameheki kwa dume moja. Ungekuja wiki tatu zilizopita, tungesema wote. Sasa hilo ni lako. Kaa nalo."

Alikuwa amekuja kuutua mzigo, na mwenye haki ya kumtua ndiye aliyemfunga kamba upya. Alirudi kwa njia ile ile, akipita juu ya maua yake bila kuyaona.

Jumamosi dume lilichinjwa uwanjani mchana kweupe. Bujiku alitangaza kwamba ndugu yao amerudi, na watu wakapanga foleni kumpa Mahona mkono, wengine wakimtania kama vile hakuna kilichotokea. Wanawake walikwishamzunguka Minza. Kwa desturi, mkosaji hugawa nyama kwa mkono wake, na aliyemfichua hupewa mapema. Mahona akaja na sinia mbele ya Januarius.

Januarius alichukua kipande, kikabaki mkononi. Watu wa karibu walianza kumtazama. Mahona akainama, kama anayemchagulia kilichonona zaidi.

"Kula," akamwambia chini kwa chini. "Usipokula, watauliza."

Januarius akala. Alikuwa hajatia kitu tumboni tangu jana, na nyama ilikuwa laini, imeiva vizuri kwa chumvi. Ilikuwa tamu, na aliona aibu kwa utamu wake hadi macho yakamlenga machozi. Bujiku, aliyekuwa akipita, aliona jinsi anavyotafuna, akacheka, akamwambia Mahona amwongezee huyu.

Mahona akamwongezea.