Sori Kumi na Moja

Celestine aliusoma ujumbe wa Pranav mara tatu kabla ya kuuelewa, na alipouelewa alitamani asingefungua macho siku ile. Ulikuwa kwenye kundi la timu, mbele ya watu wote: "Celestine amekubali makosa kumi na moja kwa mechi tatu. Nimesikiliza recording yote. Fomu ya fainali inafungwa leo saa kumi. Nimemwita Maxwel achukue nafasi ya daktari. Tukutane kwangu saa nane."

Alikuwa hosteli ya chuo kule Njoro, nguo zimelowekwa kwenye beseni, mikono ina povu hadi viwikoni. Amekubali makosa? Lini, na mbele ya nani?

Mchezo wenyewe unaitwa Ngome. Huchezwa kwa simu, wanne kwa wanne, na kila mmoja ana kazi yake. Ngao hutangulia na kupokea mapigo. Daktari humfuata nyuma akimtibu ili asife, lakini dawa yake haifiki mbali, kwa hiyo ngao akikimbia akamwacha, basi amejichimbia kaburi. Mpelelezi huchungulia adui walipo, na mpiga mishale hufanya ile kazi inayopigiwa makofi. Kwenye timu yao mishale ilikuwa ya Pranav, kapteni. Upelelezi ulikuwa wa Hemali, binamu yake. Ngao alikuwa Owino, mtoto wa shangazi yake Celestine. Udaktari ulikuwa wa Celestine, kwa sababu hakuna mwingine aliyeutaka. Watu wanapenda kuua. Ngao akiishi, husifiwa ngao. Ngao akifa, huulizwa daktari alikuwa wapi.

Celestine aliipenda kazi hiyo hata hivyo, na aliipenda sana. Darasani walikuwa wanafunzi mia mbili na hamsini, na angeweza kupotea wiki nzima bila mtu kuuliza. Kwenye Ngome watu watatu waliliita jina lake na walimhitaji kweli. Tena mama yake, Eucabeth, anayeuza mitumba sokoni na ambaye kwa miaka miwili alikuwa akiuita huo mchezo ugonjwa, hatimaye alikuwa amekubali kufunga kibanda Jumamosi aje ukumbini kuona fainali. "Nitakuja nione hiyo kitu inakumalizia macho," alisema, na Celestine alijua kwamba mama ameshachagua hata gauni.

Alimpigia Owino. Simu ikaita hadi ikakata. Baadaye ukaja ujumbe wa maneno mawili: "Tutaongea huko." Akafuta povu mikononi, akausoma tena, maana Owino ndiye aliyemfundisha Ngome, na Owino alijua vizuri kuliko mtu yeyote jinsi mambo yalivyokwenda.

Nyumba ya akina Pranav iko Milimani, ya ukuta mrefu na maua mengi kuliko watu. Hemali ndiye aliyemfungulia geti, na hakumtazama usoni. Sebuleni Maxwel alikuwa ameketi ukingoni mwa kochi, chaja mkononi, mfano wa mgeni aliyefika msibani na hamjui marehemu. Alikuwa mchezaji wa akiba, ametoka kwao Kamere asubuhi, akaomba ruhusa kwenye shamba la maua anakofanya kazi. Owino alikuwa kwenye kiti cha pembeni akichunguza viatu vyake.

"Sasa, Celestine," Pranav alisema. "Keti."

Hakuwa mtu mbaya huyu Pranav. Alizaliwa hapa hapa Nakuru, lakini wazazi walimpeleka ng'ambo, Leicester, akiwa na miaka sita, na alirudi akiwa mtu mzima kuja kusaidia kwenye duka la familia la vifaa vya ujenzi. Huko alikuwa amefanya kazi miaka mitatu kwenye kampuni ya bima ya magari. Siku ya kwanza kazini, alipenda kusimulia, waliambiwa jambo moja: mtu aliyegongana na mwenzake akishuka garini na kusema sorry, kesi imekwisha, huyo ndiye mwenye makosa. Likamwingia akilini likakaa. Ndiye pia aliyeiandikia timu sheria: hakuna kulaumiana mchezo ukiendelea, mwenye lalamiko amwone kapteni baadaye. Celestine hakuwahi kwenda kumwona kapteni. Angekwenda kumshtaki nani? Owino, aliye kama kaka yake?

Pranav akabonyeza kompyuta. Sauti ya Celestine ikajaa sebule, nyembamba, ya haraka: "Ai! Sori Owi! Sori, sori!"

"Hiyo ni ya sita," Pranav akasema. Akabonyeza tena. "Woi, sori bana!" "Ya saba. Niendelee?"

"Lakini Pranav, hiyo si sori ya makosa," Celestine alisema. "Owino ameanguka, mimi nasema sori. Ni kama pole."

"Kama ni pole, si ungesema pole?"

"Ni the same thing."

"Hapana, si the same. Sorry ni sorry. Mtu akifa, wewe unasema ni wewe. Mara kumi na moja, Celestine. Mimi ningefanya nini?"

Celestine alimtazama Owino. Neno moja tu kutoka kwake lingetosha. Owino aligeuza mguu wa kushoto akachunguza soli. Hemali alijishughulisha na simu yake, maana Pranav alikuwa mkubwa kwake na nyumba ilikuwa ya baba yake Pranav.

"Basi tujaze fomu," Pranav alisema. Alinyanyuka kwa kasi kwenda kuchukua karatasi, na ugoko wake ukakutana na kona ya meza ya kioo. Kishindo kilisikika nyumba nzima.

"Sori!" Hemali akasema.

"Sori, sori," akasema Owino, bado ameinamia viatu.

"Sori, boss," akasema Maxwel kutoka upande wa pili wa chumba.

"Sori!" Celestine naye, yule yule mshtakiwa, limemtoka kabla hajalizuia. Na kutoka jikoni, nyuma ya milango miwili, Wachuka anayewapikia akapaza sauti: "Woi, sori!"

Pranav alikuwa ameshika mguu, machozi yamemlenga. Aliwazungushia macho mmoja mmoja. "Wachuka!" aliita. "Wewe uko jikoni. Umefanya nini?"

"Mimi?" Wachuka akachungulia, mwiko mkononi. "Sijafanya kitu. Si nimesikia umeumia?"

Pranav alikaa polepole juu ya ile meza iliyomuumiza, na uso wake ulikuwa wa mtu anayepiga hesabu upya tangu mwanzo.

"Miaka miwili," akasema mwishowe. "Miaka miwili watu wananiambia sorry dukani, na mimi nafikiri kila mtu Nakuru ana hatia."

Hemali alicheka. Celestine hakuweza. Alidhani yamekwisha, na hapo ndipo yalipoanza hasa. Kwa sababu Pranav hakucheka pia.

"Sawa. Nimekosea, na nitaandika kwa group nimekosea," alisema. "Lakini ngao amekufa mara kumi na moja. Hiyo haijabadilika. Skrini yangu inaonyesha mbele tu, sioni nyuma. Kuna mtu alifanya makosa, na huyo hachezi Saturday. Maxwel anaweza kucheza ngao, anaweza kucheza daktari. Nyinyi wawili mnajua ni nani. Niambieni."

Saa ya ukutani ilionyesha saa tisa na dakika ishirini. Celestine alimngoja Owino. Alimngoja kwa heshima, kama unavyomngoja mkubwa wako aanze kula. Akilini alikuwa anamwombea: sema, Owi, sema mwenyewe, nisiwe mimi.

Owino aliinua kichwa. "Game ni game," alisema. "Vitu zinaenda mbio. Mimi hata siwezi kumbuka."

Angenyamaza, pengine Celestine naye angenyamaza. Angerudi Njoro, angemwambia mama asifunge kibanda, na familia ingebaki familia. Lakini hawezi kukumbuka! Hasira zilimpanda hadi masikio yakawaka.

"Mimi nakumbuka," alisema. "Ya kwanza ilikuwa darajani. Pranav alisema ngojeni, Owi akaenda. Aliniacha hatua ishirini. Ya pili, lango la nyuma, nilimwita jina mara mbili, akasema nakuja, akaenda mbele. Ya tatu alikuwa amebakisha damu kidogo, nikamwambia rudi nikutibu, akafukuza mtu mmoja hadi kisimani. Ya nne, hapo hapo kisimani." Alizitaja zote kumi na moja, mahali na namna, kwa sababu daktari hukumbuka kila aliyemfia. "Moja ni yangu. Ya tisa. Nilichelewa. Zingine kumi si zangu."

"Celes." Owino alikuwa amesimama. "Ni mimi unafanyia hivi? Mbele ya watu?"

"Ni wewe umekaa hapo ukisikiza sauti yangu ikichezwa kama ya mwizi. Umenyamaza, Owi. Ulikuwa unajua."

"Owino," Pranav akauliza, "ni ukweli?"

Nje mtu alikuwa anakata ua, makasi yanalia kwa mpigo. Owino alimtazama Maxwel, akamtazama Hemali, lakini kwa Celestine macho hayakufika.

"Ni ukweli," alisema.

Aliondoka bila kuaga. Celestine alimfuata hadi getini, viatu mkononi kwa haraka, akamkuta anahangaika na komeo.

"Mama yako akikuja Saturday akiniuliza mbona siko, nitamwambia nini?" Owino aliuliza, mgongo bado umemgeukia.

"Mwambie vile ilikuwa."

"Na wewe hungeweza kunibebea? Mara moja tu?"

"Nimekubebea miaka miwili," Celestine alisema. "Hukuwahi kugeuka uone."

Geti lilifunguka, likafungwa. Alisimama hapo kwenye changarawe bila viatu. Alikuwa amebaki na nafasi yake kwenye timu na alifurahi, alifurahi kweli, na furaha hiyo ilimtia aibu kiasi kwamba hakujua arudi ndani na uso gani. Shangazi angepiga simu jioni, hilo halikuwa na shaka. Pengine hata Krismasi ingeharibika.

Aliporudi, Pranav alikuwa ameandika majina matatu kwenye fomu na kalamu ilikuwa juu ya la nne. Maxwel alikuwa amehama kutoka ukingoni mwa kochi na kuketi sawasawa, simu imeshikwa kwa mikono miwili. Alikohoa kidogo.

"Daktari," alisema, "samahani nikuulize. Mimi sijawahi cheza na wewe. Nikiwa mbele, unataka nitembee aje ndio unifikie?"

Lilikuwa swali dogo, la kazi, lenye jibu fupi. Miaka miwili hakuna aliyewahi kumuuliza Celestine. Akalia hapo hapo, mbele ya Wachuka aliyekuwa anapanga vikombe, na Maxwel wa watu akashtuka akidhani amemkosea.

"Hatua nane," alimwambia alipopata sauti. "Usipite nane."

Maxwel akaitikia kwa kichwa, akaandika kwenye simu yake.