Chumba cha Mwisho Koridoni

Jumanne asubuhi, wakati wa chai kwenye makao ya wazee, mzee ambaye wote walimwita Mwalimu alitaka kumsalimia mwenzake wa chumbani, maneno yakamtoka kama mtu anayetafuna pamba. Upande mmoja wa mdomo ulikuwa umelegea. Mwenzake, mzee aliyekuwa fundi cherehani na sasa yuko kwenye kiti cha magurudumu, aliita mhudumu. Mhudumu akaja, akaona, akatoka mbio kupiga simu, kisha akarudi taratibu akasema wasubiri. Walisubiri mpaka Alhamisi, binti yake Mwalimu alipokuja kumtembelea na kumkimbiza hospitali mwenyewe.

Binti ndiye aliyelalamika, na mkaguzi wa makao ya wazee akatumwa kuchunguza. Mkaguzi huyo, mama mmoja, aliwahi kuwa muuguzi; alijua kiharusi huhesabiwa kwa saa, si kwa siku. Matroni, msimamizi wa makao, alimpokea kwa bashasha, akabonyeza namba za siri za mlango, nao ukajifunga nyuma yao. Alisema Mwalimu alizidiwa ghafla Alhamisi ileile. Daftari la zamu lilikubaliana naye. Jumanne: amekula, amelala vizuri. Jumatano: amekula, amelala vizuri. Mwandiko ulikuwa mmoja, ingawa wahudumu wa zamu walikuwa wawili.

Mhudumu wa Jumanne alijibu kila swali akitazama viatu vyake. Mwishowe alisema hakuna anayeruhusiwa kuita gari la wagonjwa bila idhini ya matroni, na siku hizo matroni alikuwa kwenye semina, simu imezimwa. Akaomba asitajwe.

Akabaki yule fundi. Alieleza yote saa kwa saa, na utani hakuuacha: Mwalimu, alisema, alikuwa akisahihisha maneno ya watu hata usingizini, na asubuhi ile hakumsahihisha mtu, ndipo yeye akajua mambo yameharibika. Mkaguzi alipoanza kuandika, mzee akamshika mkono.

"Usiandike, mwanangu."

"Baba, bila maelezo yako sina kitu."

"Wewe jioni utafunguliwa mlango uende zako. Mimi nabaki humu. Kesho nani ataninyanyua kwenda msalani?"

Mkaguzi alifunga kalamu. Aliikunja karatasi. Wakati wa kuondoka ilibidi asimame mlangoni robo saa nzima kumngoja matroni aje kubonyeza namba, mkoba mkononi.

Ikabidi atafute njia ya pembeni. Hospitalini alionyeshwa picha ya kichwa cha Mwalimu, na daktari akamweleza kwamba ubongo ulikuwa umeumia siku mbili kabla ya kufikishwa pale. Hilo lilitosha kuandika ripoti bila kumtaja fundi wala mhudumu. Matroni akapewa onyo kali, na ikaamriwa kwamba mhudumu yeyote anaweza kuita gari la wagonjwa. Mwalimu alipona nusu. Binti yake akamchukua kwake, ila sauti haikurudi.

Wiki mbili baadaye mkaguzi alirudi kuona kama agizo linafuatwa. Fundi hakuwa chumbani mwake. Alimkuta chumba cha mwisho koridoni, peke yake, dirisha limetazamana na ukuta. Matroni alisema mzee anahitaji utulivu. Hakuna aliyemtaja popote, lakini aliyelala karibu na Mwalimu alikuwa mmoja tu, na kukisia nani alisema hakukuhitaji akili nyingi.

Mkaguzi alikaa ukingoni mwa kitanda akamwambia ukweli. Kumhamishia makao mengine kulihitaji saini ya mwanawe aliyemleta, na huyo kijana hapokei simu. Tena huko kuna orodha ndefu ya wanaosubiri nafasi.

Fundi alisikiliza, akilinyoosha shuka magotini kama kitambaa kinachosubiri mkasi.

"Nilinyamaza ili wasinitenge," alisema. "Sasa wamenitenga. Andika."

"Una hakika, baba?"

"Andika na jina langu lote, la baba na la babu. Kwa sauti nitasema, wanaopita wasikie."

Mkaguzi aliandika kurasa tatu, mlango ukiwa wazi. Mara mbili vishindo vya viatu vya matroni vilisimama nje, mara mbili vikaondoka. Maelezo yale yaliifikisha kesi kwenye baraza linalosimamia makao ya wazee, na kabla ya mwezi kwisha matroni akasimamishwa kazi.

Fundi bado yuko chumba kilekile, kwani kitanda chake cha zamani kimeshapewa mwingine. Mkaguzi humpitia kila Ijumaa, na swali la kwanza la mzee huwa ni moja: orodha imesogea?

Bado, baba.